Taa Iliyoingia Kibofuni

Mzee wa Nyanga, Bukoba, akiambiwa kuwa kibofu chake kitachunguzwa kwa kamera inayopitia njia ya mkojo, huuliza kwanza kama itauma. Zamani hofu hiyo ilikuwa na sababu nzito zaidi.

Mwaka 1806 daktari wa Frankfurt, Philipp Bozzini, alitumia mshumaa na kioo kumulika ndani ya mwili. Wakubwa wa tiba wa Vienna walimpuuza. Mfaransa Antonin Desormeaux akaja na taa ya spiriti na tapentaini mwaka 1853, ikaunguza. Wote wawili waliiacha taa nje. Mjerumani Maximilian Nitze ndiye aliyeiingiza ndani, mwaka 1877: waya wa platinamu uliowashwa kwa umeme na kupozwa kwa maji. Emin Pasha, naye daktari, alipoanzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890, Nitze alikwishahamia kwenye globu ndogo. Katika karne ya 20 nyuzi za kioo zikawezesha mwanga kuingia kutoka nje bila joto lake.

Kwa watu wa Kagera ugumu ulikuwa safari. Ndolage, Rubya na Kagondo, hospitali za misheni za Muleba, zilibeba mengi, lakini mara nyingi bingwa wa njia ya mkojo alimaanisha hospitali ya Bugando jijini Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971, na usiku mzima ziwani ndani ya meli ya MV Victoria. Aliyekojoa damu alitafuta nauli kwanza. Wapo waliodhani ni kichocho tu. Lakini kichocho cha kibofu kikikaa miaka bila tiba huweza kuzaa saratani, na hapo vidonge pekee havitoshi.

Siku ya kipimo cha kamera, mkojo hupimwa. Ukiwa na maambukizi, kazi huahirishwa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme mapema. Kamera laini huhitaji jeli ya ganzi. Ile ya chuma, mara nyingi ganzi ya mgongo au usingizi. Kibofu hujazwa maji, kwa hiyo utabanwa na mkojo, na si ajabu. Kutazama tu huchukua dakika chache. Penye uvimbe, kipande hukatwa kwa uchunguzi.

Baadaye mkojo huwasha siku moja au mbili, na huweza kuwa mwekundu kidogo. Kunywa maji. Ukipata homa, mabonge ya damu, au mkojo ukigoma kutoka, rudi hospitali usiku huohuo.