Ugomvi wa gemu uliozima Netflix: stori ya milango iliyoachwa wazi

Wadau, leo tunafukua stori ya 2016. Majina hatutaji, ila mambo yenyewe yalifika mahakamani na wahusika wakakiri.

Kwanza tuelewane. Rauta yako ya nyumbani ni geti lenye vimlango zaidi ya elfu sitini na tano, kila kimoja kina namba. Vinaitwa poti. Faiwoli ndiye mlinzi: ulichokiomba wewe anakiruhusu kiingie, anayekuja bila mwaliko anamrudisha. Ukitaka washkaji wacheze Minecraft kwenye kompyuta yako, unamwambia mlinzi afungue poti 25565. Hapo hakuna kosa. Shida ni milango usiyojua kama iko wazi.

Sasa twende Marekani. Vijana watatu, wawili wana miaka 20 tu. Kwenye Minecraft kuna hela: mwenye seva yenye wachezaji wengi anapiga mkwanja. Kwa hiyo seva ya mpinzani ikizidiwa na kuzimika, wachezaji wanahama. Mmoja wao alikuwa mwanafunzi wa chuo na alishauangusha mtandao wa chuo chake mara kadhaa. Huku pembeni ana kampuni ya kuwauzia watu kinga dhidi ya mashambulizi hayohayo. Yaani anauza dawa na ugonjwa!

Wakatengeneza programu inayoitwa Mirai. Haikuvunja kitu. Ilizunguka intaneti ikigonga poti 23, mlango wa zamani wa kuamuru kifaa ukiwa mbali. Ikiukuta wazi kwenye kamera ya ulinzi au rauta, inajaribu paswedi sitini na kitu za kiwandani, zile za "admin" na "12345". Watu walikuwa hawajazibadilisha. Kwenye kilele chake ilishika vifaa kama 600,000, na wenye vifaa hawakushtuka, maana kamera iliendelea kurekodi kama kawaida.

Mwisho wa Septemba 2016, joto lilipopanda, wakaimwaga programu yote hadharani ili kila mtu awe nayo na wao wapotelee kwenye umati. Wiki tatu tu baadaye, Oktoba 21, wengine wakaitumia kuipiga Dyn, kampuni iliyokuwa inasaidia kompyuta kupata anwani za tovuti. Twitter, Netflix, Spotify na Reddit zikawa hazifunguki kwa watu wengi Marekani na Ulaya. Mwaka 2020 mmoja wa waliohusika alikiri. Kumbe walikuwa wanalenga mtandao wa PlayStation! Jina lake mahakama haikulitoa kwa sababu wakati wa tukio alikuwa bado mtoto kisheria. Gemu tena.

Wale watatu? 2018 walipewa miaka mitano ya uangalizi na saa 2,500 za kazi za jamii, wakawa wanaisaidia FBI kukamata wengine. Yule wa chuo aliongezewa kifungo cha nyumbani cha miezi sita na deni la dola milioni 8.6.

Lakini tusiwatupie wao lawama zote. Viwanda viliuza vifaa vyenye paswedi moja, na sisi tukavichomeka ukutani tukasahau. Mirai ilikuwa inafutika ukizima kifaa na kukiwasha tena, ila paswedi ikibaki ileile, inarudi muda si mrefu.

Kwa hiyo leo jioni ingia kwenye rauta yako. Badilisha paswedi ya kiwandani. Zima uendeshaji wa kutoka nje, na zima UPnP, ile inayoacha vifaa vijifungulie poti vyenyewe. Kama unahitaji poti ya gemu, fungua hiyo moja, ielekeze kwenye kifaa kimoja, na mkimaliza kucheza uifunge.

Haya, semeni ukweli hapo chini: nani paswedi yake bado ni "admin"? Ila msiiandike, jamani!