Steroidi kwa Nimonia: Ushahidi wa Kenya na Wodi za Mwanza

Mwaka 2025 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya jaribio la tiba lililofanyika katika hospitali 18 za umma nchini Kenya. Watu wazima 2,180 waliolazwa kwa nimonia waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu walitibiwa kama kawaida, nusu wakaongezewa steroidi kwa dozi ndogo. Kufikia siku ya 30, asilimia 26.0 ya kundi la kwanza walikuwa wamefariki, na asilimia 22.6 ya kundi la pili. Dawa hiyo ni ya bei nafuu, haihitaji mashine, na kila mfamasia anaifahamu. Matokeo hayo yanatuhusu sisi wa Mwanza kuliko yote yaliyotoka Ulaya, lakini bado tuna wajibu wa kuyapima hapa kwetu.

Tazama Ufaransa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2023 na kuhusisha watu wapatao 800, watafiti wa huko waliwapa wagonjwa wa nimonia kali haidrokotisoni, aina ya steroidi, na vifo vikashuka kutoka asilimia 11.9 hadi 6.2. Wote hao walikuwa mahututi, chini ya uangalizi wa saa 24. Wagonjwa wa Kenya walikuwa kwenye wodi za kawaida, na hata waliopewa steroidi walikufa kwa kiwango kinachokaribia mara mbili ya Wafaransa ambao hawakupewa. Mifumo hutofautiana, na vigezo vya kuwachagua wagonjwa pia, kwa hiyo ulinganisho huu una mipaka yake. Hata hivyo, unatosha kuonyesha kwamba nimonia ya kitabuni na nimonia ya wodini kwetu hazifanani.

Mchukue mpakiaji wa magunia ya dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba. Kifua kikianza kumbana, hupitia kwanza duka la dawa, akanunua vidonge vichache vya amoksilini kulingana na alichonacho mfukoni, kisha akarudi kazini, maana asipobeba gunia halipwi. Akija kufikishwa hospitali ya Sekou Toure anapumua kwa shida, na kipimo cha kidoleni kinasoma oksijeni chini ya asilimia 90. Huenda ana virusi vya UKIMWI na hajui. Huenda kinachoitwa nimonia ni kifua kikuu, na steroidi bila dawa za kifua kikuu inaweza kumpa nafuu ya siku chache huku ugonjwa ukiendelea kuenea. Wapo pia minyoo aina ya strongiloidi, wanaoingia mwilini kupitia ngozi ya mtu anayekanyaga udongo wenye vimelea. Kinga ikishushwa na steroidi wanaweza kuzaliana kupita kiasi na kuua. Sukari ya damu nayo hupanda. Hakuna hata moja kati ya haya linalobatilisha matokeo ya Kenya, ila yote yanastahili kuhesabiwa hapa.

Wanaopinga jaribio kufanyika hapa watasema watu wetu si panya wa maabara. Sawa, lakini mazoea yasiyopimwa nayo ni majaribio, tena yasiyoandikwa popote. Jaribio la FEAST, lililowahusisha watoto 3,141 nchini Uganda, Kenya na kwetu Tanzania, huko Muheza, lilipima dripu ya haraka kwa watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, tiba iliyokuwa ikifundishwa kama wokovu. Matokeo yalitoka mwaka 2011: ndani ya saa 48, vifo vilikuwa takriban asilimia 10.5 kwa waliopewa dripu hiyo na 7.3 kwa wasiopewa.

Wala si kweli kwamba Mwanza haina uzoefu. Kati ya 1991 na 1994, jumuiya 12 za mkoa huu zilishiriki utafiti uliobaini kwamba kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kunapunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Ila kazi ile ilifanyika vijijini, na mwenye swali alipata nafasi ya kuuliza. Mgonjwa wa nimonia huletwa usiku wa manane, sentensi moja inamchosha, na fomu ya ridhaa ina kurasa kadhaa. Alama ya dole gumba ya mtu anayehema namna hiyo ina uzito gani? Kwa maoni yangu, ndugu aliyemleta aridhie kwanza, na mgonjwa aulizwe upya akipata nafuu, akiwa na haki kamili ya kujitoa. Jaribio la oksijeni kwa watoto, COAST, lililofanyika Uganda na Kenya, lilisitishwa kabla ya kutimiza idadi iliyokusudiwa. Miongoni mwa yaliyolikwamisha ni wasiwasi wa kimaadili juu ya kundi ambalo halikupewa oksijeni mara moja. Steroidi haina kikwazo hicho, kwa kuwa huongezwa juu ya tiba iliyopo na hakuna anayenyimwa kitu.

Kazi ngumu zaidi itakuja baada ya mgonjwa kuruhusiwa. Kipimo cha jaribio ni kifo kufikia siku ya 30, na siku hiyo mvuvi huenda yuko kambini upande wa Ukerewe, simu haina chaji, na jina aliloandikisha hospitalini si lile wanalomwita huko. Wasiopatikana wakihesabiwa kuwa hai, dawa inaweza kupewa sifa isizostahili. Kwa hiyo, mbali na makohozi kupimwa kifua kikuu mgonjwa anapopokelewa, bajeti itenge nauli ya boti pamoja na posho ya mhudumu wa afya wa jamii anayeijua kila kambi.