Kipande na Kitambulisho

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Aghalabu methali hii hutumiwa katika mambo ya biashara, ili kumwonya mwenye duka asiyeandika alichouza na alichokopesha. Lakini yafaa vilevile katika habari za watu. Mtu ambaye jina lake halikuandikwa po pote aweza kupotea bila habari, yeye pamoja na haki zake. Walakini historia ya Kenya yatufundisha jambo la pili, ambalo methali hiyo haikulitaja: mtu aliyeandikwa kwa nia mbaya aweza kupoteza haki zake vilevile, hata kama jina lake limeandikwa kwa wino mzuri na hati safi. Nakuomba, ewe msomaji, tuyatazame mambo haya mawili pamoja, maana wewe nawe, utakapotimiza umri wa miaka 18, utatiwa katika daftari la taifa.

Tuanze na hasara ya kutoandikwa sawasawa. Katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918, Waingereza walipopigana na Wajerumani katika Afrika Mashariki, watu wengi sana wa nchi hii walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi. Kikosi hicho kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na ndimi za watu zikaligeuza jina hilo likawa Kariokor huku Nairobi, na Kariakoo kule Dar es Salaam. Makumi ya maelfu ya wapagazi hao walikufa, na waliouawa na maradhi na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Vita vilipokwisha, ilipasa mishahara ya marehemu wapewe jamaa zao. Lakini jamaa hao walikuwa nani, nao walikaa wapi? Jina moja lililoandikwa kwa haraka, pasipo kutaja vema baba wala kijiji, halikutosha kumtambulisha mtu kati ya wengi wenye jina hilohilo. Basi fedha nyingi za wafu hazikuwafikia wajane na yatima waliostahili kuzipokea. Hapo methali ya wahenga ilitimia.

Shida ya kumtambua mtu miongoni mwa wenzake ni ya kale, wala si ya Afrika peke yake. Mwaka 1858, huko Bengal, Bara Hindi, afisa Mwingereza aitwaye William Herschel alifanya mapatano na mtu mmoja, Rajyadhar Konai, juu ya kuleta vifaa vya kutengenezea barabara. Akamtaka atie alama ya kiganja chake juu ya karatasi, ili baadaye asiyakane mapatano hayo. Tangu siku hiyo Herschel aliendelea kuzichunguza alama za vidole, akaona kwamba hazibadiliki mtu azeekapo. Mwaka 1892 Francis Galton alitoa kitabu juu ya jambo hilo.

Hata hivyo taabu moja ilibaki. Ukiwa na karatasi laki moja zenye alama za vidole, utaipataje ile uitakayo? Jibu lilipatikana Calcutta, katika ofisi ya Edward Henry, kwa kazi kubwa ya wasaidizi wake wawili wa Kihindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Walikitazama kila kimoja katika vidole kumi na kuuliza: Je, mistari yake imezunguka duara kama maji yanayozama shimoni, au haikuzunguka hivyo? Kila kidole kina jibu moja katika mawili. Chukua kalamu, anza na mbili, uzidishe kwa mbili tena na tena mpaka vidole kumi vitimie, nawe utapata mafungu 1,024. Karani aliyejua fungu hakuwa na haja ya kupekua karatasi zote. Polisi wa London waliupokea mpango huo mwaka 1901. Hayo yalikuwa maarifa mazuri; lakini kisu kikali hukata nyama, na hukata mkono pia.

Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwaandikisha Waafrika wa Kenya. Vita viliichelewesha, ikaanza kutekelezwa kati ya miaka ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alipaswa kuandikwa, kutiwa alama za vidole, na kupewa hati iliyoitwa kipande. Hati hiyo iliwekwa ndani ya kikebe cha madini, na kikebe kikafungwa kamba na kuvaliwa shingoni. Baadhi ya Wakikuyu waliiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Fikiri, msomaji, ni uchungu gani uliomfanya mchungaji ajifananishe na mnyama wake.

Kipande kiliandikwa nini? Kiliandikwa jina la mtu, kabila lake, tajiri aliyemwajiri, kazi, mshahara, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuachishwa. Nakala ya habari zake na alama za vidole vyake iliwekwa Nairobi. Sasa angalia jinsi mpango huo ulivyofanya kazi. Mtumishi alipotaka kuacha kazi, ilikuwa lazima tajiri wake atie sahihi katika kipande. Pasipo sahihi hiyo hakuweza kuajiriwa kwingine kwa halali. Akitoroka, tajiri alitoa habari, na karani wa Nairobi akatafuta katika mafungu yake mpaka akampata. Zaidi ya hayo, tajiri mpya alipokifungua kipande, aliuona mshahara wa zamani, akajua hana sababu ya kutoa mwingi zaidi. Kwa hiyo daftari hilo lilikuwa na ufundi mwingi, wala halikupoteza jina la mtu ovyo. Ubaya wake ulikuwa katika kusudi lake. Lilitengenezwa ili walowezi wapate wafanyakazi wa mshahara mdogo wasioweza kuondoka. Aliyeandikwa hakuulizwa neno, wala hakuweza kusahihisha neno.

Hapana shaka watu hawakulipenda jambo hilo. Mwaka 1921 kijana mmoja, Harry Thuku, aliyekuwa mpokeaji wa simu katika Hazina ya serikali huko Nairobi, alianza kuwakusanya watu ili wapinge kipande, kodi kubwa, kupunguzwa kwa mishahara, na kulazimishwa kwa wanawake na wasichana kufanya kazi mashambani. Tarehe 14 Machi 1922 alikamatwa. Siku mbili baadaye umati mkubwa ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi ukidai afunguliwe. Mary Muthoni Nyanjiru aliwatia wanaume aibu kwa kurudi nyuma kwao, kisha wanawake wakasonga mbele. Polisi walipiga risasi. Hesabu ya serikali ilitaja wafu 21, na watu wengine walisema walikuwa wengi zaidi ya hao. Nyanjiru alikuwa mmoja wa waliokufa. Yeye, kwa kuwa mwanamke, hakuwekewa kipande na sheria. Lakini alikufa katika harakati za watu waliokuwa nacho shingoni.

Mwaka 1947 ilipitishwa sheria mpya ya kuwaandikisha wanaume wa mataifa yote, si Waafrika peke yao. Hapo lilitokea jambo la kutia fikira. Wazungu wengi walipoambiwa nao watoe alama za vidole, walinung'unika kwamba wanadharauliwa na kufanywa kama wahalifu. Serikali iliyasikiliza manung'uniko yao, na mtu ajuaye kuandika akaruhusiwa kutia sahihi na kuleta picha badala ya alama za vidole. Waafrika walikuwa wametoa malalamiko ya namna hiyohiyo kwa muda wa miaka ishirini na zaidi. Daftari ni moja, lakini sikio la mwenye daftari halikuwa moja kwa wote.

Tena, litazame jambo lingine. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilitolewa mwaka 1928, lakini haikuwafikia Waafrika walio wengi. Ilienezwa wilaya kwa wilaya baada ya Uhuru, hata ikaenea nchi nzima mwaka 1971. Kwa hiyo kwa miaka mingi serikali iliiandika kazi ya Mwafrika kabla ya kuandika kuzaliwa kwake. Wanawake nao walikaa nje ya daftari la vitambulisho mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1978. Kabla ya hapo, mwanamke aliyekwenda kudai kitu katika ofisi aliulizwa habari za mumewe au za baba yake. Hivyo kuboresha daftari si kununua mashine mpya tu. Ni kufungua mlango kwa wale walioachwa nje.

Wala usidhani kwamba mambo haya yalikwisha na ukoloni. Mwaka 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali walichunguzwa peke yao, wakapewa kadi ya pili iliyowatenga na raia wenzao. Kwa miaka mingi vijana wa sehemu za mpakani walipelekwa mbele ya kamati za uchunguzi kabla ya kupewa kitambulisho, ilhali vijana wa kwingine hawakusumbuliwa hivyo. Mwezi wa Februari 2025 Rais William Ruto alitia sahihi huko Wajir tangazo la kuuondoa uchunguzi huo.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa Wamakonde wa Kwale. Wazee wao walitoka Msumbiji, wengi wao kuja kufanya kazi katika mashamba ya katani ya pwani, tangu miaka ya 1930. Watoto na wajukuu walizaliwa hapa, wakakua hapa, wakasema Kiswahili kama jirani zao. Walakini hawakuhesabiwa kuwa raia wa nchi yo yote. Pasipo kitambulisho mtu hawezi kufungua hesabu ya benki, wala kusajili simu kwa jina lake, wala kuandikisha shamba, wala kupiga kura. Mwezi wa Oktoba 2016 Wamakonde walifunga safari kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi kwenda kudai haki yao. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea Ikulu, akaagiza wapewe vitambulisho, nao wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Mwaka 2023 Wapemba wa pwani nao walitambuliwa.

Sasa weka mambo haya mawili sambamba. Mwaka 1922 watu walikufa katika harakati za kuikataa karatasi yenye jina lao. Mwaka 2016 watu walitembea juani wakiidai karatasi yenye jina lao. Je, ni watu wenye nia tofauti? La, hasha! Wote walidai kitu kimoja, nacho ni heshima ya mtu katika nchi yake. Kipande kilimfunga mwenyewe kwa ajili ya mwingine; kitambulisho chamfungulia mwenyewe mlango. Wino ni uleule, na vidole ni vilevile. Kilichobadilika ni mwenye kunufaika.

Kwa hiyo, mwanafunzi, ukutanapo na daftari lo lote, liwe la serikali, la shule, la hospitali au la chama cha ushirika, jifunze kuuliza maswali matatu. Kwanza, ni nani aliyeachwa nje, na kwa sababu gani? Pili, habari hizi zimeandikwa kwa faida ya nani? Tatu, aliyeandikwa aweza kuziona na kuzisahihisha? Swali hili la tatu sasa lina nguvu ya sheria, kwa kuwa sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu yampa kila mtu haki ya kujua yaliyoandikwa juu yake na kudai makosa yarekebishwe. Kadhalika, mwezi wa Januari 2020, serikali ilipotaka kuandikisha watu wote katika mpango wa Huduma Namba, Mahakama Kuu iliizuia isikusanye habari za vinasaba, wala za mahali hasa akaapo mtu, ikasema kazi hiyo isiendelee pasipo sheria ya kutosha. Walioshitaki walikuwa mashirika ya kutetea haki za watu. Katika siku za kipande, mtu angemshitaki nani?

Tena kuna wajibu wako mwenyewe. Wahenga walisema pia, "Asiyekuwepo na lake halipo." Ukitafute cheti chako cha kuzaliwa mapema, usingoje juma la mtihani. Soma herufi kwa herufi: jina lako, jina la mama yako, mwaka uliozaliwa, mahali ulipozaliwa. Herufi moja iliyokosewa leo yaweza kukuzuia kesho mlangoni pa chuo au katika urithi wa shamba la babako. Ukimwona mwenzako asiye na cheti, labda kwa kuwa ni yatima au alizaliwa nyumbani mbali na hospitali, usimcheke. Mpeleke kwa mwalimu au kwa chifu asaidiwe. Na siku utakapoketi mbele ya karani, ukaambiwa utie vidole vyako ili viandikwe, viweke bila hofu, lakini soma kwanza kilichoandikwa. Nyanjiru hakupata nafasi hiyo, wala wapagazi wa Kariokor hawakuipata.