Mfalme na Mvua

Darasani tulifundishwa habari za Confucius na Plato. Falsafa ya milima iliyo juu ya Korogwe haikuguswa. Wachina wa enzi ya Zhou, miaka 3,000 iliyopita, walishika kwamba Mbingu humpa mfalme idhini, na njaa ni dalili kuwa imeondolewa. Wasambaa nao walisema mfalme mmoja mwenye nguvu huleta mvua: ndiko kuzifya shi, kuitengeneza nchi. Wakuu wakishindana ni kubana shi, kuiharibu. Sioni kwa nini ya kwanza iitwe falsafa na ya pili ushirikina.

Kimweri ye Nyumbai alifariki mwaka 1862. Mwanawe Semboja wa Mazinde, aliyejaa bunduki za biashara ya Pwani, akamfukuza Shekulwavu, mjukuu aliyerithi kiti. Wakulima wakatekwa, wakauzwa utumwani. Kwao hiyo ndiyo ilikuwa kubana shi.