Vita vya mashujaa mtandaoni: Mambo ya kujua kabla ya kuujaribu mchezo

MICHEZO ya vita vya mashujaa ni aina ya mchezo wa video unaochezwa mtandaoni, ambapo makundi mawili, aghalabu ya watu watano kila moja, hupambana katika uwanja mmoja wa kubuni. Kila kundi hujitahidi kuibomoa ngome ya jingine. Iliyo mashuhuri zaidi ni Dota 2 na League of Legends katika kompyuta, pamoja na Mobile Legends: Bang Bang na Honor of Kings katika simu za mkononi. Yote minne hupakuliwa na kuchezwa bila malipo.

Ubure huo ndio unaowavutia vijana wengi, wakiwemo wa mitaa kama Riruta Satellite, magharibi mwa jiji la Nairobi. Mtu anayeishi katika chumba cha kupanga kandokando ya Barabara ya Naivasha anaweza kuupakua mchezo jioni na kuwa vitani kabla ya chakula cha usiku. Hata hivyo, mchezo huu una masharti ambayo mgeni huyagundua akiwa tayari amekwishaadhibiwa. Masharti hayo yaliwekwa kwa kumfikiria mchezaji ambaye umeme wake haukatiki na bando lake haliishi.

Asili ya mchezo

Chimbuko la michezo hii si kampuni kubwa bali ni wapenzi wa michezo waliochezea kazi za wengine. Mchezo wa StarCraft, uliotolewa mwaka wa 1998 na kampuni ya Blizzard ya Marekani, uliwaruhusu wachezaji kubuni viwanja vyao wenyewe. Mmojawapo uliitwa Aeon of Strife. Mwaka wa 2003, wazo hilo lilihamishiwa katika mchezo wa Warcraft III, na hapo ukazaliwa uwanja wa Defense of the Ancients, ambao wachezaji waliufupisha kuwa DotA.

Kampuni ya Riot Games ilitoa League of Legends mnamo Oktoba 2009, nayo Valve ikatoa Dota 2 rasmi mwaka wa 2013. Honor of Kings ya kampuni ya Tencent ilianza nchini China mwaka wa 2015, na Mobile Legends ya kampuni ya Moonton ikafuata mwaka wa 2016. Hizo mbili za mwisho zilisaidia kuutoa mchezo kwenye kompyuta na kuutia mfukoni.

Jinsi unavyochezwa

Uwanja huwa na njia tatu kuu zinazounganisha ngome mbili. Kila njia inalindwa na minara inayomfyatulia adui anapokaribia. Kutoka kila ngome, askari wadogo wanaoendeshwa na kompyuta hutoka kwa vipindi maalumu na kusonga mbele bila kukoma. Baina ya njia hizo kuna msitu wenye majitu na wanyama wa ajabu, ambao mchezaji huwaua ili ajipatie dhahabu na nguvu.

Kila mchezaji humwongoza shujaa mmoja tu. Shujaa huanza akiwa dhaifu, na kadiri anavyoua askari wa adui ndivyo anavyopanda ngazi na kununua silaha. Mechi inapokwisha, vyote hivyo hupotea na mechi mpya huanza kwa usawa.

Mashujaa wametolewa katika ngano za mataifa mbalimbali. Mfalme Nyani wa hadithi za Kichina, kwa mfano, yumo katika Dota 2, League of Legends na Honor of Kings. Msomaji aliyelelewa kwa visa vya Fumo Liyongo wa pwani au Lwanda Magere wa Waluo hatapata shida kuuelewa mpango huo: kila shujaa ana uwezo wa kutisha na mahali anapoumizika. Mgeni anapaswa kumjua shujaa mmoja barabara kabla ya kujaribu wengine, kwani Dota 2 pekee ina mashujaa zaidi ya 120.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mmoja hutangulia kupokea mapigo, mwingine huponya wenzake, wa tatu hulindwa mwanzoni ili aje kuwa tegemeo mwishoni. Kundi lenye watu wanne dhidi ya watano huwa limeshindwa nusu tayari.

Adhabu ya anayetoweka

Hapa ndipo lilipo tatizo la mchezaji wa Riruta. Mechi ya Dota 2 huweza kuchukua dakika 40 au zaidi, na ya Mobile Legends kama robo saa. Hakuna mchezaji awezaye kuiahirisha hadi kesho kwa hiari yake. Anayeondoka huwaacha wenzake wanne mashakani, na kwa sababu hiyo kampuni zimeweka adhabu kali.

Katika Dota 2, anayekatika mtandaoni kwa zaidi ya dakika tano huhesabiwa kuwa ametoroka, na akirudia hutengwa ili acheze na watoro wenzake. Mobile Legends humpunguzia alama za nidhamu. Mitambo haibagui baina ya aliyetoroka kwa hasira na aliyeishiwa na tokeni za umeme. Kwa mitambo, wote wawili ni watoro.

Umbali nao una kodi yake. Nyaya za intaneti za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa mwaka wa 2009, Kenya iliacha kutegemea setilaiti ambazo zilichelewesha mawasiliano mno. Lakini mwanga ndani ya waya hizo husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Iwapo seva iko umbali wa kilomita 10,000 za waya, amri ya mchezaji na jibu lake huchukua angalau sehemu moja ya kumi ya sekunde, bila kuhesabu ucheleweshaji wa vifaa vya njiani. Katika barua pepe muda huo si kitu. Katika vita vya mashujaa, unaweza kuwa tofauti baina ya kukwepa pigo na kufa.

Dota 2 ina seva nchini Afrika Kusini, na mchezaji anaweza kulinganisha maeneo kabla ya kuanza kisha achague lenye ucheleweshaji mdogo zaidi.

Hali hii inasaidia kueleza kwa nini michezo ya watu wawili wanaotumia mashine moja, kama vile ya kandanda na ya ngumi, imestawi katika vibanda vya mitaani. Wapinzani wameketi bega kwa bega na hakuna waya wa baharini baina yao. Sylvia Gathoni, Mkenya aliyesajiliwa na timu ya kulipwa ya kigeni mwaka wa 2018, alijipatia jina kwa mchezo wa Tekken, ambao ni wa ana kwa ana.

Zawadi na hatari

Fedha za mashindano zimewatia wengi tamaa. Mwaka wa 2011, mabingwa wa Dota 2 walituzwa dola milioni moja nchini Ujerumani. Mwaka wa 2021, jumla ya zawadi ilipita dola milioni 40. Kufikia mwaka wa 2023, ilikuwa imeporomoka hadi takriban dola milioni tatu. Anayeacha masomo kwa kutegemea kapu hilo anategemea kitu kisicho na uthabiti.

Shirika la Afya Duniani liliuingiza ulevi wa michezo ya video katika orodha yake ya maradhi, iliyoanza kutumika Januari 2022. China, kwa upande wake, iliamuru mwaka wa 2021 kwamba watoto wacheze saa moja tu Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na siku za sikukuu.

Mwongozo kwa anayeanza

Kwanza, acheze mechi za mazoezi dhidi ya kompyuta, ambako hakuna binadamu atakayeumia akikatika ghafla.

Pili, apakue mchezo penye Wi-Fi, kwani mafaili ya michezo ya kompyuta ni mazito na humaliza bando kabla ya vita kuanza.

Tatu, kabla ya kila mechi ahakikishe kwamba chaji, data na muda vinatosha hadi mwisho. Mtoto anayetarajiwa kutumwa dukani baada ya dakika kumi asiingie vitani. Mzazi naye, akielezwa kwamba mechi haikatizwi, ataweza kuweka saa ya kucheza badala ya kuzima simu katikati.

Nne, akusanye majirani wanne anaowafahamu. Mmoja wao umeme ukimkatikia, wenzake watajua amepatwa na nini, na hawatamtukana kama ambavyo wageni wa mtandaoni wangefanya.