Waliotolewa Wawili Usiku Mmoja

Kocha Kevin Cash alipotoka benchi na kuanza kutembea kuelekea katikati ya uwanja, Blake Snell alijua safari ile inamhusu. Midomo yake ikatamka neno ambalo gazeti haliliandiki. Ilikuwa Jumanne, tarehe 27 Oktoba 2020, mjini Arlington, Texas, mechi ya sita ya fainali ya besiboli ya Marekani. Snell, mrushaji wa Tampa Bay Rays, alikuwa ametupa mipira 73 tu. Mara tisa mpigaji wa Los Angeles Dodgers alikuwa amesimama mbele yake na kuondoka mikono mitupu. Timu yake iliongoza 1-0. Hakuwa na jeraha, wala hakuonekana kuchoka. Alitolewa.

Baadaye usiku uleule, upande wa pili, mwingine naye akatolewa. Justin Turner wa Dodgers, mwenye ndevu nyekundu zinazojulikana Los Angeles nzima, hakutoka na timu yake kwenda kulinda zamu ya nane. Yeye pia alikuwa mzima kwa macho ya kila aliyemtazama. Ila majibu yake ya kipimo yalikuwa yamefika.

Msimu ule wote wa korona uliishi kati ya matukio hayo mawili: mtu anayejiona mzima, na namba inayosema vinginevyo.

Mchezo wenyewe

Kwa msomaji aliyelelewa na soka, besiboli haina ugumu mkubwa. Timu mbili hupokezana kupiga na kulinda kwa zamu tisa. Mrushaji husimama juu ya tuta dogo, mita 18 na ushee kutoka kwa mpigaji, na kumtupia mpira wa saizi ya chungwa unaoweza kukimbia zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Mpigaji akiugonga vizuri kwa gongo lake, hukimbia kupitia vituo vitatu na kurudi alipoanzia. Akirudi salama ni pointi. Watatu wakishatolewa, timu inakwenda kulinda. Aliyewahi kusimama katikati kwenye mchezo wa rede, au kati kama wanavyouita Kenya, anaijua nusu ya hofu ya mpigaji. Nusu ya pili ni kwamba huyu hatakiwi kukwepa.

Msimu wa kibaba

Kwa kawaida kila timu ya ligi kuu, MLB, hucheza mechi 162 kabla ya hatua ya mtoano. Msimu wa 2020 ulipangwa kuanza tarehe 26 Machi. Tarehe 12 Machi maandalizi yakasimamishwa na viwanja vikafungwa. Miezi iliyofuata kilichochezwa kilikuwa mvutano wa fedha. Wamiliki walisema kucheza bila viingilio vya mashabiki ni hasara. Wachezaji walitaka kila mechi watakayocheza ilipwe bila makato zaidi. Hawakuelewana, na mwezi Juni kamishna wa ligi, Rob Manfred, akatumia mamlaka yake kupanga ratiba ya mechi 60.

Pazia lilifunguliwa Washington tarehe 23 Julai, majukwaa yakiwa matupu. Aliyepewa heshima ya kurusha mpira wa ufunguzi ni Dakta Anthony Fauci, mtaalamu wa magonjwa ya kuambukiza ambaye sura yake ilikuwa kwenye runinga kila jioni. Mpira wake ukaenda kombo, mbali na aliyekuwa akiusubiri, na nchi iliyokuwa na huzuni ikapata cha kucheka. Siku hiyohiyo ligi na chama cha wachezaji wakakubaliana kuongeza timu za mtoano kutoka 10 hadi 16. Mechi 60 ni chache mno kutenganisha pumba na mchele, kwa hiyo chekecheo lilipanuliwa matundu. Houston Astros na Milwaukee Brewers walipita wakiwa wamepoteza mechi nyingi kuliko walizoshinda.

Kanuni za afya ziliingia mpaka mdomoni. Wachezaji wa besiboli ni watafunaji wa mbegu za alizeti na watema mate wa siku zote. Vyote vikapigwa marufuku. Warushaji waliozoea kulamba vidole ili mpira usiteleze waliruhusiwa kubeba kitambaa chenye maji kwenye mfuko wa nyuma. Kupeana mikono hapana, kukumbatiana hapana. Vipimo vilichukuliwa kila baada ya siku moja. Kwenye viti vilipangwa vibao vya kadibodi vyenye picha za mashabiki, na spika zikatoa kelele za umati uliorekodiwa zamani. Toronto Blue Jays walikataliwa na serikali ya Canada kupokea wageni kutoka Marekani, wakahamia Buffalo, New York, kwenye uwanja wa ligi ndogo.

Hata hivyo ugonjwa uliingia. Kabla wiki ya kwanza haijaisha, maambukizi yalizuka Miami Marlins, na hatimaye yakawakumba wachezaji 18. Timu ikawekwa karantini, ikasajili watu haraka haraka, na iliporudi uwanjani nusu ya sura zilikuwa mpya. Cha ajabu, Marlins hao walimaliza wakiwa wameshinda 31 na kupoteza 29, wakaingia mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2003, wakawatoa Chicago Cubs nyumbani kwao.

Mwaka wa Babe Ruth

Miaka 102 nyuma kulikuwa na fainali nyingine iliyochezwa kwenye kivuli cha ugonjwa. Mwaka 1918 msimu ulikatizwa na vita: serikali iliwataka wanaume wenye nguvu wafanye kazi za kusaidia vita au waingie jeshini. Fainali ikachezwa mapema, kuanzia tarehe 5 hadi 11 Septemba, kati ya Boston Red Sox na Chicago Cubs. Babe Ruth wa Red Sox, akiwa na miaka 23 na bado mrushaji, alishinda mechi mbili, na Red Sox wakatwaa ubingwa kwa 4-2.

Wakati huo wimbi kali la homa ya mafua lilikwishaanza kuua mabaharia bandarini Boston. Mechi tatu za mwisho zilichezwa katika mji huohuo, watu wameketi bega kwa bega. Hakukuwa na kipimo cha kumwambia yeyote kwamba ameubeba ugonjwa. Aliyejiona mzima alihesabiwa mzima. Wiki chache baadaye Boston ilifunga kumbi zake za starehe, na janga hilo lilipopita, Marekani ilikadiriwa kupoteza watu 675,000. Mwaka 1918 haukuwa na namba za kuaminiwa. Mwaka 2020 ulikuwa nazo mpaka za kuchosha.

Fainali ya ugenini

Raundi ya kwanza ya mtoano wa 2020 ilichezwa nyumbani kwa timu zilizofuzu nafasi za juu. Baada ya hapo zilizobaki zilifungiwa hotelini, na mechi zikahamishiwa viwanja vya California na Texas ambavyo havikuwa vya timu zilizokuwa zikicheza. Hakukuwa na siku za mapumziko katikati ya robo wala nusu fainali, kwa sababu hakukuwa na safari. Fainali nzima iliwekwa Globe Life Field, Arlington, uwanja mpya wa Texas Rangers, ambao wenyewe hawakuwamo kwenye mtoano. Tangu 1944, timu mbili za St. Louis zilipokutana kwenye uwanja waliokuwa wakigawana, fainali haikuwahi kuchezewa mahali pamoja mwanzo hadi mwisho. Mashabiki wachache waliruhusiwa: elfu kumi na moja na kitu kwenye viti vipatavyo elfu arobaini.

Shujaa wa mwezi ule hakuwa jina kubwa. Randy Arozarena wa Rays aliondoka Cuba kwa boti kwenda Mexico mwaka 2015. Msimu ulipokuwa ukikaribia aliambukizwa korona, akajifungia. Mwenyewe alisimulia kwamba siku hizo alikula wali na kuku na kupiga pushapu 300 kwa siku. Alipopona akaingia mtoano na kupiga makombora kumi yaliyovuka ukuta, rekodi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia katika mtoano mmoja.

Dodgers nao walikuwa matajiri waliochoka kusubiri. Siku moja kabla ya msimu kuanza walimsainisha Mookie Betts mkataba wa miaka 12 wenye thamani ya dola milioni 365. Walishinda mechi 43 kati ya 60, lakini ubingwa wa mwisho wa klabu ulikuwa wa 1988. Nusu fainali walikuwa nyuma 3-1 dhidi ya Atlanta Braves, wakapindua meza. Katika mechi ya saba Cody Bellinger alipiga kombora la ushindi, akakimbilia kusherehekea na mwenzake kwa kugonganisha mikono ya mbele, salamu iliyochukua nafasi ya kupeana mikono. Wakagongana kwa nguvu, bega la Bellinger likateguka. Alirudishiwa bega mahali pake, akaendelea kucheza. Siku mbili baadaye, fainali ilipoanza, alipiga kombora jingine na kusherehekea kwa kugusanisha miguu.

Mpira wa 73

Turudi kwenye mechi ya sita. Dodgers walikuwa mbele kwa mechi 3-2. Rays walitangulia kwa kombora la Arozarena katika zamu ya kwanza, kisha Snell akafunga mlango. Katika zamu ya sita Austin Barnes alipata kufika kituo cha kwanza. Waliokuwa wanafuata ni Betts, Corey Seager na Turner. Usiku ule watatu hao walikuwa wamekutana na Snell mara sita kwa jumla, na mara zote sita walikuwa wamekosa.

Cash hakuangalia mara hizo sita. Aliangalia mkutano wa saba, ambao kwa Betts ungekuwa wa tatu. Takwimu za miaka mingi zinaonyesha kwamba mpigaji akikutana na mrushaji yuleyule kwa mara ya tatu, jicho limeshamzoea na gongo linaanza kusema. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Makompyuta ya Rays yalisema mrushaji mara mbili, mara ya tatu mtoe. Rays, klabu yenye mfuko mwembamba, ilifika fainali kwa kuziamini hesabu za aina hiyo pale ambapo wenye fedha walinunua majina. Mwaka ule mzima Snell hakuwa ameachwa amalize zamu sita katika mechi hata moja.

Akaingia Nick Anderson. Betts akamgonga mpira uliomfikisha kituo cha pili na kumsogeza Barnes hadi cha tatu. Mpira mmoja ukampita mdakaji, Barnes akarudi: 1-1. Seager akagonga wa chini kuelekea kituo cha kwanza, Betts akauwahi nyumbani: 2-1. Ndani ya dakika chache uongozi ulikuwa umehama, na Snell akitazama kutoka benchi. Betts akaongeza kombora katika zamu ya nane, na Julio Urías akamaliza kazi. Dodgers 3, Rays 1. Miaka 32 ikaisha.

Baadaye usiku ule Cash alieleza kwamba anajuta kwa kuwa mpango haukufanikiwa, lakini fikra iliyouzaa bado aliiona sahihi.

Simu kutoka Utah

Wakati Snell akirusha, maabara moja ya Utah ilikuwa na namba nyingine. Katika zamu ya pili taarifa ilifika kwamba sampuli ya Turner ya Jumatatu haikutoa jibu la kueleweka. Sampuli ya Jumanne ikaharakishwa. Ikatoka chanya, na kabla zamu ya nane haijakwisha Turner alikuwa amewekwa kando, peke yake, huku wenzake wakikaribia kitu alichokisubiri maisha yake yote. Alikulia Kusini mwa California na alikuwa na Dodgers tangu 2014.

Mechi ilipokwisha hakukaa. Alirudi uwanjani, akambusu mkewe, akashika kombe, akaketi katikati ya picha ya timu barakoa ikiwa imeshushwa. Aliyeketi jirani yake ni kocha Dave Roberts, mtu aliyewahi kuugua saratani na kupona. Ligi ilitoa tamko kali ikisema maofisa wa usalama walimzuia, akakataa. Siku kumi baadaye uchunguzi ukafungwa bila adhabu. Turner aliomba radhi, na Manfred akakiri kwamba ligi ingeweza kulishughulikia jambo lile vizuri zaidi, na kwamba wenzake ndio waliomtia moyo arudi.

Namba ya kwanza ilitiiwa, na ikawagharimu watu ubingwa. Ya pili ilipuuzwa, na waliokuwa nayo wakaondoka na kombe. Hapo ndipo somo linapokuwa gumu, kwa sababu tunapenda matokeo yatuambie nani alikuwa na haki. Lakini hesabu ya Cash ilikuwa ya uwezekano: ingeweza kufaa mara nyingi na ikakosea siku ile moja. Kipimo cha Turner hakikuwa na uwezekano wa kujadili; kilisema kilichokuwa tayari mwilini mwake. Jicho lililomwona Snell mzima lilistahili kusikilizwa. Jicho lililomwona Turner mzima lilikuwa lilelile la Boston ya 1918.

Waliobeza walisema ubingwa wa mechi 60 ni wa nusu bei. Los Angeles haikupata hata gwaride, kwa sababu umati haukuruhusiwa. Lilikuja Novemba 2024, Dodgers walipotwaa taji jingine, na waliokuwapo tangu 2020 walisherehekea mataji mawili kwa gwaride moja. Mwezi huohuo klabu ilikubaliana na mrushaji mpya kwa mkataba wa miaka mitano. Mwaka 2025 Dodgers walitetea ubingwa wao, na mrushaji yule akapata pete yake ya kwanza ya ubingwa, chini ya kocha yuleyule Dave Roberts ambaye mwaka 2020 alimwona akitembea kwenda benchi baada ya mpira wa 73. Jina lake Blake Snell.