Mfereji wa Sayyid Barghash na Maji ya Bibi Harusi



Niliwahi kwenda Bariadi, mkoani Simiyu, kumsinga bibi harusi wa ukoo wetu aliyeolewa huko. Singo nilikuja nayo kutoka Unguja: liwa, karafuu, mawaridi na asmini. Kilichonishinda ni maji. Tulimkogesha kwa madumu manne ya kununua, na la mwisho tukalipimia kata kwa kata. Bibi yake mume akatwambia kuwa enzi za usichana wake wakifukua mchanga wa mto mkavu na kukaa kungoja maji yachuruzike.

Nikaikumbuka Mji Mkongwe. Sisi bomba tunaliita mfereji, tunafungua na kufunga bila kufikiri. Lakini mji wetu ulikuwa ukinywa maji ya visima vilivyochimbwa karibu na mashimo ya vyoo, na waliobeba mitungi vichwani walikuwa wajakazi, ambao hatuwataji tunaposifia majumba yale. Kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kiliua maelfu ya watu. Daktari James Christie, Mskoti aliyekuwa akitibu watu mjini wakati huo, alikiandikia kitabu kizima kilichotoka 1876.

Sayyid Barghash alishika ufalme Oktoba 1870, maradhi hayo yakiwa yamepita karibuni. Kabla ya hapo alipelekwa uhamishoni Bombay baada ya kushindwa kumpindua kaka yake Majid, na huko aliona mji mkubwa unavyoendeshwa. Akajenga mfereji wa kuvuta maji ya chemchemi za Bububu, kaskazini ya mji, hadi mjini. Hamamni nayo ilijengwa katika ufalme wake, na isingewezekana bila maji hayo.

Mimi nikisoma habari hii humkumbuka Bibi Zubayda, mke wa Harun al-Rashid, aliyefariki mwaka 831. Alitoa mali yake kuwajengea mahujaji mfereji kutoka Bonde la Nu'man, kupitia Arafa, hadi Makka. Ukaitwa Ayn Zubayda. Mfereji hauishi kwa kujengwa mara moja: unaziba, unabomoka, mafuriko yanaujaza mchanga. Katika karne ya 16 ulikuwa umechakaa, na aliyegharimia kuufufua alikuwa mwanamke tena, Mihrimah, binti wa Sultani Suleiman wa Istanbul. Sadaka ya mmoja imepokewa na mwenziwe baada ya zaidi ya miaka mia saba, wala hawakujuana.

Chemchemi za Bububu hazikuachwa; mabomba yalichukua kazi ya mfereji. Ila mji umekuwa mkubwa mno kwa chemchemi zile, na mitaa mingi ya Ng'ambo inajua maana ya kuamka usiku wa manane kukinga ndoo.

Simiyu sasa nako kuna mradi wa kuvuta maji ya Ziwa Victoria kupeleka Busega, Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu, kwa fedha za serikali, za Ujerumani na za Mfuko wa Tabianchi wa dunia. Wifi yangu alinipigia juzi. Mtaro wa mabomba umefika barabara ya kwao, nyumbani bado. Harusi ya mdogo wake ni mwezi wa Mfunguo Mosi. Nimemwambia singo nitaleta, madumu anunue tu.